Hiyo Si Fangasi: Soma Kabla Hujapaka Tena Rangi Ukuta wa Bafu

Hebu nenda kaangalie ukuta wa chumba kinachopakana na bafu lako. Siyo upande wa bafuni. Namaanisha upande wa pili, ule uliofichwa na kitanda au kabati. Kama nyumba ina miaka ishirini na zaidi, usishangae ukikuta rangi imevimba kama malengelenge, na ukiigusa tu inadondoka pamoja na unga mweupe. Ukimwita fundi atakuambia neno moja: fangasi. Atakwangua, atapaka dawa ya fangasi, atapiga skimu, atamalizia na rangi. Ukuta utapendeza kweli. Baada ya miezi minne au mitano, malengelenge yatakuwa yamerudi palepale.

Mama yangu, huko Tanga, amefanyiwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu alitumia hela aliyokuwa amejiwekea ya kubadilisha bati za jikoni. Niliporudi likizo akanipeleka mbele ya ule ukuta, akaniuliza, "Wewe si ndiyo unasoma kemia huko? Haya, mwanangu, niambie."

Makala hii ni jibu nililompa, pamoja na kazi tuliyoifanya baada ya hapo mimi, mdogo wangu na fundi mmoja mwenye subira. Jibu lenyewe kwa kifupi: unaloliona chumbani ni dalili, ugonjwa uko bafuni. Ukitibu dalili utarudia kila mwaka.

Kwanza, ule unga ni nini?

Fanya jaribio la dakika mbili. Kwangua unga kidogo, uweke kwenye kisosi cheusi au kipande cha nailoni, kisha dondoshea maji. Ukiyeyuka na kupotea, hiyo ni chumvi. Fangasi haiyeyuki kwenye maji. Kuvu halisi ya ukutani mara nyingi ni nyeusi, ya kijani au ya kijivu, inakaa juu ya rangi na ina harufu ya uvundo. Upo pia ukoko mweupe mgumu usioyeyuka. Huo kwa kawaida ni chokaa iliyotoka ndani ya saruji, nao umeletwa na maji vilevile. (Tafadhali usionje. Mdogo wangu alionja.)

Chumvi hii imetoka wapi? Saruji yenyewe ina chumvichumvi zake. Mchanga nao unaweza kuwa nazo, hasa ukiwa umechotwa karibu na bahari. Nyumba nyingi za pwani zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na kila ndoo inayomwagika bafuni inaongeza akiba. Lakini chumvi haina miguu. Haiwezi kutoka katikati ya tofali ikafika kwenye rangi yako bila kubebwa, na mbebaji ni mmoja tu: maji.

Ukuta ni utambi

Unaikumbuka koroboi? Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna pampu. Mafuta yanapanda yenyewe ndani ya utambi kwa sababu yanashikamana na nyuzi za pamba, na katika nafasi nyembamba mshikamano huo unashinda uzito wa mafuta. Wanafizikia wanaita mvuto wa kapilari.

Tofali la saruji kwa macho linaonekana gumu na zima. Kwa maji, limejaa vichochoro. Na kadiri kichochoro kinavyokuwa chembamba, ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Kwenye tundu lenye nusu kipenyo cha milimita 0.1, maji hupanda sentimita 15 hivi. Tundu likiwa jembamba mara kumi, yaani milimita 0.01, yanaweza kufika mita 1.5. Katika ukuta halisi vichochoro vimepindapinda na maji yanakauka njiani, kwa hiyo hayafiki kila mahali hesabu inakosema. Ila umeshaelewa kwa nini maji yanayovuja kwenye kona ya sakafu ya bafu yanaweza kuonekana chumbani kwenye usawa wa goti.

Sasa unganisha utambi na chumvi. Kama umewahi kuona mashamba ya chumvi ya pwani yetu, unajua yanavyofanya kazi: maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, chumvi inabaki. Ukuta wako ni jaruba lililosimamishwa wima. Maji yanaingia upande wa bafu, yanapita ndani ya tofali huku yakikusanya chumvi, yanafika upande wa chumbani kwenye hewa kavu zaidi, yanapaa kama mvuke. Chumvi inabaki pale pale, nyuma ya rangi.

Na chumvi ikiganda haikai kwa adabu. Fuwele zake zinakua ndani ya vitundu na kusukuma pande zote mpaka lipu inapasuka kuwa unga. Kisha mtu anaoga tena, zinayeyuka, zinaganda upya, zinasukuma tena. Kuna jambo la ziada kwa sisi wa pwani: chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75. Wakati wa masika hilo ni jambo la kila siku. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi unaweza "kutoa jasho" hata kama bafu halijatumika wiki nzima.

Kwa nini rangi na dawa za chumbani hazidumu

Ukipaka dawa ya kuzuia maji upande wa chumbani, umemfungia mlango mtu aliyekwisha ingia ndani. Maji bado yanakuja kutoka bafuni, yanafika nyuma ya ile dawa na kuisukuma itoke. Chumvi inaganda nyuma yake na kuibandua. Isipobanduka, maji yanatafuta pa kutokea juu zaidi au pembeni, na doa linahama.

Mafundi wa majahazi wanalijua hili tangu zamani. Chombo hutiwa kalafati kwa nje, kule bahari iliko, ili maji yenyewe yasaidie kukandamiza kizibo badala ya kukisukuma kitoke. Bafu ni jahazi lililogeuzwa: bahari iko ndani. Zuia maji upande ambao maji yapo.

"Lakini bafu langu lina tailizi!" Mama naye alisema hivyo. Tailizi moja moja kweli haipitishi maji. Tatizo ni maungio. Chukua ukuta mmoja wa upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2, uliobandikwa tailizi za sentimita 20 kwa 30. Ukijumlisha mistari yote ya maungio, unapata zaidi ya mita 20 za saruji nyembamba, na saruji hiyo inanyonya. Tailizi ni nguo ya bafu. Kinachozuia maji ni tabaka lililo nyuma yake, na mabafu mengi ya zamani hayana tabaka hilo kabisa.

Usinunue kitu mpaka ujue maji yanatoka wapi

Hapa ndipo hela nyingi huokolewa. Washukiwa ni wanne au watano, na kila mmoja ana tabia yake.

*Bomba lililo ndani ya ukuta.* Funga koki zote za nyumba, kisha angalia mita ya maji kwa dakika thelathini. Ikisogea, kuna bomba linavuja. Kama unatumia simtanki, funga maji yanayoingia, weka alama ya usawa wa maji usiku na uangalie asubuhi kabla mtu hajafungua koki. Jaribio hili halioni mabomba ya maji machafu, kumbuka.

*Maji ya kuoga.* Tangaza mgomo wa bafu hilo kwa wiki moja au mbili. Chora kwa penseli ukingo wa doa la unyevu chumbani, andika tarehe. Doa likianza kurudi nyuma, mshukiwa wako ni maji yanayomwagika sakafuni na ukutani.

*Ardhi.* Unyevu ukipanda kutoka chini kwenye kuta nyingi za nyumba, hata zilizo mbali na bafu, huenda msingi hauna tabaka la kuzuia unyevu. Hapo kutengeneza bafu hakutakusaidia. Tafuta ushauri mwingine.

*Paa au tangi.* Doa linaloanzia juu na kushuka halihitaji mjadala mrefu.

*Mvuke.* Hili linawahusu zaidi wa Arusha, Mbeya, Nairobi na kwingine kwenye baridi, mnaooga maji ya moto. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote ukizifunga kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Unyevu ukijikusanya nyuma ya nailoni, unatoka ndani ya ukuta. Ukiwa juu yake, ni mvuke wa hewani, na tiba yake ni dirisha au feni.

Kwetu, mita haikusogea. Doa lilikuwa nyuma ya bafu tu, urefu wa sentimita 64. Baada ya siku kumi za kuogea choo cha nje (Mama hakufurahi), ukingo ulishuka. Tulikuwa tumempata.

Kazi yenyewe

Kabla ya nyundo, zima swichi kuu, hasa kama kuna hita ya kuogea, na funga maji. Vaa miwani, viatu vya kufunika na barakoa. Vumbi la zege na tailizi lina silika, ambayo haifai kabisa kwa mapafu. Loanisha kidogo unapobomoa. Saruji mbichi nayo ina ukali wa alkali unaoweza kuunguza ngozi, kwa hiyo glavu si mapambo.

1. Bomoa mpaka penye uzima. Gonga ukuta kwa mpini wa tindo. Panapolia *ko-ko* pana uwazi, paondolewe. Panapolia *ti-ti* pamekaza. Ondoa tailizi na lipu yote iliyolegea. Sisi tulipobandua za chini tulikuta chokaa ya saruji nyuma yake imelowa kama mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na hapakuwa na dawa yoyote, hata alama. Ukiona nondo yenye kutu, simama. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa na hupasua zege kutoka ndani. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua nguzo, usiifukie kwa lipu.

2. Ondoa chumvi ikiwa kavu. Tumia brashi ngumu, zoa unga, katupe mbali. Ukimwagia maji unairudisha ndani ya ukuta. Asidi ya kuoshea sinki watu wanaipenda, lakini inakula saruji na kuacha chumvi nyingine. Na kamwe usichanganye asidi na dawa ya klorini ya kufulia: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo.

3. Piga lipu upya. Uwiano wa saruji moja kwa mchanga nne unatosha, mchanga ukiwa msafi usiotoka ufukweni. Mwagilia kwa siku 7. Saruji haikauki kama nguo. Inajengeka kwa kutumia maji, na ikikosa maji mapema inabaki dhaifu na yenye vitundu vingi, yaani utambi mzuri zaidi.

4. Tengeneza mteremko. Sakafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Maji yasiyotuama hayana muda wa kutafuta njia.

5. Kona, kona, kona. Pale sakafu inapokutana na ukuta ndipo nyumba inapocheza kidogo kwa joto na uzito, na ndipo ufa wa kwanza hutokea. Usiache pembe kali. Jaza saruji na uilainishe iwe na mduara kama ndani ya bakuli. Kuzunguka mabomba na tundu la sakafu fanya uangalifu uleule.

6. Paka tabaka la kuzuia maji. Kwa ukuta wa saruji, dawa rahisi kutumia ni ile ya unga wa saruji unaochanganywa na kimiminika cha polima. Saruji inashika ukuta, polima inaipa uwezo wa kunyumbuka. Soma maelekezo ya mfuko na uyafuate kuliko haya yangu, ila kanuni zake ni hizi. Ukuta uloanishwe, usiwe unachuruzika. Ukiwa mkavu sana utanyonya maji ya dawa kabla haijashika. Paka mkono wa kwanza ukienda kushoto na kulia. Kwenye kona lazea wavu wa nyuzi ungali mbichi. Ukishashika, paka mkono wa pili ukienda juu na chini, ili vitundu vilivyorukwa na brashi mara ya kwanza vizibwe. Sakafu yote ipakwe. Kuta zipande angalau sentimita 30, na pale mtu anaposimama kuoga zifike mita 2. Usipake lami chini ya tailizi: maji itazuia, lakini saruji ya kubandikia haitaishika.

7. Jaribu kabla ya kufunika. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Dawa ikishakomaa, ziba tundu la sakafu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, weka kizuizi mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 3 hivi. Weka alama ukutani. Kisha, na hapa naomba mnisamehe kwa kuwa mtu wa maabara, weka kando yake beseni la maji lenye alama pia. Baada ya saa 24 linganisha. Vyote vikishuka sawa, ni hewa imekunywa. Bafu likishuka zaidi ya beseni, kuna tundu, na umelipata kabla ya kubandika tailizi. Kama bafu liko ghorofani, kumbuka kila sentimita ya kina ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Sakafu ya zamani usiipe mzigo bila kuuliza.

Sisi tulifeli mara ya kwanza. Maji yalishuka milimita 9 kuliko beseni. Tatizo lilikuwa shingo ya tundu la sakafu, mahali ambapo brashi haikufika. Fundi alitikisa kichwa, akasema, "Hii tungeshaifunika." Tukarudia, ikakaa.

8. Bandika tailizi kwa gundi yake, ukiipaka pote bila kuacha uwazi nyuma, na ujaze maungio. Kwenye kona tumia silikoni badala ya saruji ngumu, kwa sababu kona inacheza.

Kama nyumba yako ni ya mawe na chokaa

Nyumba za kale za Mji Mkongwe Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni habari nyingine. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na zimezoea kupumua: zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizibandika lipu ya saruji pande zote unazifungia maji ndani, na chumvi inaanza kula jiwe lenyewe badala ya lipu. Huko lipu ya chokaa ikibomoka imefanya kazi yake ya kujitoa mhanga, na hurudishwa kwa chokaa. Bafu ndani ya nyumba kama hiyo linahitaji fundi wa chokaa, tena kabla ya kununua mfuko wowote.

Sehemu ngumu kuliko zote: kusubiri

Bafu limekwisha. Chumbani je? Hapo watu wengi huharibu kazi. Chanzo kimezibwa, lakini ukuta bado umejaa maji ya miaka, na yanaweza kuchukua wiki nyingi hadi miezi kutoka. Kwangua lipu yenye chumvi mpaka sentimita 30 kupita ukingo wa doa, piga brashi kavu, kisha uache wazi. Chumvi mpya itachanua, ifagie. Itachanua tena kidogo; ifagie. Ukuta ukishakauka, piga lipu, na upake rangi ya maji inayopitisha mvuke. Rangi ya mafuta iache kwa milango na madirisha.

Mama hakulipenda wazo la kulala na ukuta uliochunwa, wageni wakija. Tukafanya makubaliano: kila Jumapili baada ya chai anachora ukingo wa doa kwa penseli na kuandika tarehe. Alianza na 64. Wiki ya pili 58. Wiki ya nne 40. Jumapili iliyopita, ambayo ni wiki ya kumi, alinipigia simu asubuhi kabla sijaamka.

"Kumi na tisa," akasema. "Fundi amepita hapa, anasema anaweza kuja kesho kupaka."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia asubiri. Maji hayajamaliza kutoka."